Barua ya Kukataliwa: Majimbo ya Marekani na Bima ya Walio Wagonjwa Tayari

Hadi mwishoni mwa mwaka 2013, katika majimbo mengi ya Marekani, mtu mwenye saratani, kisukari au ugonjwa wa moyo aliyetaka bima ya afya alihitaji kwanza barua ya kukataliwa. Aliomba bima kwenye kampuni akijua fika kwamba atanyimwa. Jibu lilipofika, aliliambatisha kwenye fomu nyingine, na fomu hiyo ikapelekwa kwenye mfuko maalumu ulioundwa kwa sheria ya jimbo lake. Asiye na barua hiyo alitakiwa angalau awe na ugonjwa uliomo katika orodha iliyotambuliwa na jimbo. Kinyume cha hapo, hakuandikishwa.

Majimbo 35 yalikuwa na mifuko ya aina hiyo. Leo mingi imefungwa, lakini wazo lililoizaa lingali hai. Septemba 2024, J.D. Vance, wakati huo mgombea mwenza wa Donald Trump, aliwaambia wafuasi wake huko North Carolina kwamba haoni sawa watu wengi kuwekwa katika mfuko mmoja wa bima hali afya zao zinatofautiana. Wapo wabunge wa majimbo na wachumi wenye mawazo kama yake, na hoja yao si ya kubezwa. Wanasema: tuwatoe wagonjwa wachache wenye gharama kubwa, tuwahudumie kwa fedha za umma, na wengine wote watapata bima kwa bei nafuu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mifuko hiyo haikuundwa kwa nia mbaya, na kwa wengi waliofanikiwa kuingia ilikuwa tofauti kati ya kutibiwa na kufa. Lakini ilikuwa na kasoro iliyotokana na wazo lenyewe: iliwaweka wagonjwa peke yao, kisha ikaiacha tiba yao itegemee fedha ambazo wanasiasa walipaswa kuzitafuta upya kila mwaka. Kila jimbo lilikutana na kasoro hiyo kwa njia yake.

Waliobaki katikati

Wamarekani wengi hupata bima kazini. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali kuu kwa watu wenye miaka 65 na zaidi, na Medicaid, inayowahudumia watu wa kipato cha chini. Waliobaki nje ya makundi hayo ndio tunaowazungumzia: mkulima mwenye shamba lake, mvuvi, fundi anayejitegemea, mwenye duka dogo, mwanamke aliyekuwa kwenye bima ya mumewe mpaka ndoa ikavunjika, mtu aliyeacha kazi akiwa na miaka 60 ambaye bado ana miaka mitano ya kuingoja Medicare. Hao walilazimika kukata bima mmoja mmoja, na kampuni ziliwachuja mmoja mmoja.

Mchujo ulikuwa mkali. Fomu ziliuliza magonjwa, dawa, upasuaji na siku za kulazwa kwa miaka mingi iliyopita. Saratani, virusi vya UKIMWI, hemofilia, kisukari cha kuchoma insulini au figo zilizoshindwa kufanya kazi vilitosha kumfanya mtu akataliwe papo hapo. Mjamzito naye alikataliwa. Wengine walikubaliwa kwa sharti kwamba ugonjwa ule ule uliowatesa hautalipiwa, au kwa ada kubwa kuliko ya watu wa rika lao. Mwaka 2016 shirika la utafiti la KFF lilikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 52 wenye umri wa chini ya miaka 65, yaani asilimia 27 ya kundi hilo, walikuwa na hali za kiafya ambazo kwa kanuni za zamani zingewafanya wanyimwe bima kama wangeitafuta wenyewe. Hao si kikundi kidogo cha watu wenye bahati mbaya.

Kampuni zilifanya hivyo kwa hesabu. Nchini Marekani, karibu nusu ya gharama zote za matibabu katika mwaka mmoja hutumika kwa asilimia 5 tu ya watu, wakati nusu nzima ya watu, wale wenye gharama ndogo zaidi, hutumia takriban asilimia 3. Kampuni moja ikiamua kuwapokea wagonjwa wote wakati wenzake wanawakataa, haitadumu. Kwa hiyo hata kampuni yenye huruma ililazimika kuchuja, na ni sheria pekee iliyoweza kuubadilisha mchezo huo kwa wote kwa pamoja.

Sheria hiyo ilitarajiwa kutoka majimboni. Tangu mwaka 1945, kwa sheria ya Bunge la Marekani iitwayo McCarran-Ferguson, usimamizi wa bima umeachwa kwa majimbo. Kila jimbo lina kamishna wake wa bima, kanuni zake na bunge lake. Ndiyo maana mtu mwenye hemofilia aliweza kupata bima upande mmoja wa mto na kuikosa upande wa pili.

Minnesota inaanza

Minnesota na Connecticut zilitangulia, zote mwaka 1976. Muundo uliotumiwa huko uliigwa na karibu wote waliofuata. Bunge la jimbo liliunda chama kisicho cha kibiashara na kuzilazimisha kampuni zote zinazouza bima ya afya ndani ya jimbo kuwa wanachama wake. Chama kiliajiri kampuni moja kuendesha shughuli za kila siku: kuandikisha watu, kukusanya ada na kulipa hospitali. Mwanachama alilipa ada iliyozidi bei ya kawaida ya soko, lakini sheria iliweka ukomo, mara nyingi kati ya asilimia 125 na 200 ya bei hiyo. Ada hizo, hata zilivyokuwa kubwa, hazikutosha. Kwa jumla ziligharimia takriban nusu ya matibabu. Pengo lililobaki liligawanywa kwa kampuni wanachama, kila moja ikitozwa kulingana na ukubwa wa biashara yake.

Katika karatasi, huo ni mshikamano mzuri: kila mwenye bima anachangia kidogo kumhudumia aliyekataliwa. Katika utendaji, wachangiaji wakubwa walikuwa tayari wameshaondoka mezani. Mwaka 1974, miaka miwili kabla ya sheria ya Minnesota, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mafao ya wafanyakazi inayojulikana kwa kifupi kama ERISA. Chini ya sheria hiyo, mwajiri anayelipia matibabu ya wafanyakazi wake kutoka mfukoni mwake, bila kununua bima, hayuko chini ya mamlaka ya jimbo katika jambo hilo. Waajiri wakubwa, wenye maelfu ya wafanyakazi, ndio hasa wanaofanya hivyo. Jimbo halikuweza kuwatoza hata senti. Mzigo ukawaangukia waliobaki: biashara ndogo zilizonunua bima na watu waliojikatia wenyewe. Kampuni nazo zililalamika, na baadhi ya majimbo yakaziruhusu kupunguza tozo hiyo kwenye kodi yao. Hapo aliyelipa ni hazina ya jimbo, ingawa hakuna aliyesimama bungeni kusema hivyo waziwazi.

Majimbo mengine yalitafuta njia tofauti. California ilipoanzisha mfuko wake mwaka 1991 ilitumia fedha za kodi ya sigara. Maryland, iliyoanza mwaka 2003, iliweka tozo kwenye bei za hospitali, na kwa kuwa kila anayelazwa hupitia hospitali, hata waajiri waliokingwa na ERISA walijikuta wakichangia. Kati ya mbinu zote nilizozisoma, hiyo ya Maryland naiona ndiyo ya haki zaidi, na nasikitika kwamba haikuigwa na wengi.

Milango inavyosinyaa

Fedha zinapokuwa finyu na wagonjwa ni wengi, kuna njia chache za kuufanya mfuko udumu. Unaweza kuzuia watu wasiingie, kuwachelewesha waliokwisha kuingia, kupunguza unacholipia, au kupandisha ada. Majimbo yalizitumia zote.

Florida ilichukua njia ya wazi kuliko zote. Mfuko wake ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulifungwa kwa wanachama wapya mwaka 1991. Haukuvunjwa. Uliendelea kuwahudumia waliokuwamo, idadi yao ikapungua mwaka baada ya mwaka mpaka wakabaki mia chache, katika jimbo lenye mamilioni ya watu wasio na bima. Kwenye orodha za kitaifa Florida iliendelea kuhesabiwa miongoni mwa majimbo yenye mfuko. Mgonjwa wa Tampa aliyegunduliwa na saratani mwaka 1992 hakuwa na faida yoyote na hesabu hiyo.

California iliweka ukomo. Kwa miaka mingi mfuko wake ulilipa hadi dola 75,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na dola 750,000 kwa maisha yake yote. Kwa mtu aliyevunjika mkono kiasi hicho ni kikubwa. Kwa mgonjwa wa saratani ya damu anayehitaji kupandikizwa uboho, dola 75,000 zinaweza kwisha kabla hajatoka wodini. Juu ya hayo, kodi ya sigara ilileta kiasi kile kile bila kujali wagonjwa wameongezeka au la, hivyo California ikawa na orodha ya kungojea. Ukomo wa maisha, mara nyingi dola milioni 1 au 2, ulikuwapo katika majimbo mengi.

Kilichoniumiza zaidi katika kusoma sheria hizi ni kipindi cha kungojea. Karibu mifuko yote ilikuwa na sharti kwamba kwa miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, ugonjwa ambao mwanachama alikuwa nao kabla ya kujiunga haulipiwi. Mwenye kisukari alilipa ada ya juu kila mwezi na kujinunulia insulini mwenyewe. Mwenye uvimbe uliokwisha kugunduliwa aliambiwa arudi mwakani. Ufafanuzi uliotolewa ulikuwa kwamba bila sharti hilo watu wangesubiri mpaka waugue ndipo wajiunge. Lakini mfuko uliundwa kwa ajili ya waliougua tayari, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia. Sharti lililobuniwa kuwazuia wenye afya wanaokwepa kulipa lilitumiwa dhidi ya watu ambao kampuni zimewakataa, na kwa mgonjwa wa saratani miezi 12 ni muda wa kutosha kuzikwa. Mwaka 1996 sheria ya serikali kuu, HIPAA, iliwaondolea sharti hilo watu waliotoka moja kwa moja kwenye bima ya kazini kwa masharti fulani. Waliokuwa hawana bima waliendelea kungoja.

Kisha kuna ada. Texas ilitoza mara mbili ya bei ya kawaida ya soko. Mtu wa miaka 58 mwenye ugonjwa wa moyo, ambaye hata angekuwa mzima bima yake ingekuwa ghali kwa sababu ya umri, aliongezewa mara mbili, na hapo bado kulikuwa na maelfu ya dola za kwanza ambazo lazima azilipe mwenyewe kila mwaka kabla mfuko haujaanza kuchangia. Wengi waliostahili kujiunga hawakujiunga kwa sababu hii tu.

Mwisho wa mwaka 2011, baada ya miaka 35 ya utaratibu huu, majimbo yote 35 kwa pamoja yalikuwa na wanachama wapatao 226,000. Minnesota peke yake ilikuwa na takriban 27,000, kuliko jimbo lingine lolote, kwa sababu iliweka ada za chini na haikufunga mlango. Mwaka huo mifuko hiyo ilitumia zaidi ya dola bilioni 1.2 juu ya ada zilizokusanywa, wastani wa dola zaidi ya 5,000 kwa kila mwanachama. Hiyo ndiyo gharama ya kuwahudumia watu 226,000 waliokwisha kuchujwa kwa ada kubwa na vipindi vya kungojea. Mwenye kutaka kuwahudumia mamilioni azidishe mwenyewe.

Washington yajaribu njia nyingine

Si majimbo yote yaliyoamini katika kuwatenga wagonjwa. New York, kwa sheria ya 1992, ilizilazimisha kampuni kumpokea kila mwombaji na kumtoza bei moja, awe mzima au mgonjwa, kijana au mzee. Kentucky ilifuata mwaka 1994, na kampuni nyingi zikaondoka katika soko lake. Kisa cha jimbo la Washington ndicho chenye mafunzo mengi zaidi.

Mwaka 1993, Washington ilipitisha sheria kubwa iliyozilazimisha kampuni kupokea wagonjwa na wakati huo huo ikakusudia kuwalazimisha wakazi wote wawe na bima. Sehemu hizo mbili zilitegemeana. Miaka miwili baadaye upepo wa siasa ukabadilika. Bunge jipya likafuta sehemu ya pili, ile ya kuwalazimisha watu wajiunge, likaiacha sehemu kubwa ya kwanza. Kilichofuata kilitabirika. Watu walikata bima walipougua au walipopata ujauzito na kuiacha walipopona. Ada zikapanda, wazima wakajitoa, ada zikapanda tena. Kufikia mwishoni mwa 1999, karibu katika jimbo zima hapakuwa na kampuni iliyokubali kumuuzia mtu binafsi bima mpya, hata kama alikuwa na afya ya mwanariadha.

Mwaka 2000 bunge la Washington lilirudi nyuma. Liliziruhusu kampuni kumpa kila mwombaji dodoso la afya, na asilimia 8 ya waombaji walioonekana kuwa wagonjwa zaidi wangeweza kukataliwa na kupelekwa kwenye mfuko wa jimbo. Kampuni zikarejea. Wanaopenda mifuko ya wagonjwa hukitaja kisa hiki kama ushahidi wao, na kwa sehemu wana haki: soko lilipata uhai tena. Lakini ukweli wote ni kwamba Washington haikuwahi kuijaribu sheria yake ikiwa kamili. Iliyojaribiwa ni nusu.

Iliyokamilika ilijaribiwa Massachusetts. Aprili 2006 Gavana Mitt Romney, wa chama cha Republican, alitia saini sheria iliyomtaka kila mkazi awe na bima na kumsaidia asiyeweza kulipia. Massachusetts ilikuwa tayari imezilazimisha kampuni kupokea wagonjwa tangu miaka ya 1990. Idadi ya wasio na bima ilishuka sana, na soko halikuanguka. Miaka minne baadaye sheria hiyo ikawa kielelezo cha sheria ya Rais Barack Obama.

Daraja la miaka mitatu

Sheria ya Obama ilitiwa saini Machi 23, 2010, lakini katazo la kuwanyima bima wagonjwa lilipangwa kuanza Januari 1, 2014. Ili wagonjwa wasiachwe katika kipindi hicho, sheria ilianzisha mfuko wa muda wa kitaifa na kuupa dola bilioni 5. Majimbo 27 yaliamua kuuendesha yenyewe. Kwingine serikali kuu iliuendesha. Safari hii hapakuwa na kipindi cha kungojea, na ada ilikuwa sawa na ya mtu mwenye afya. Sharti kubwa lilikuwa kwamba mwombaji awe amekaa miezi sita bila bima yoyote.

Wataalamu wa serikali walitarajia watu 375,000 wangejiunga kabla ya mwaka 2010 kwisha. Walijiunga wachache mno, na wapinzani wakasema tatizo la wagonjwa wasio na bima lilikuzwa kupita kiasi. Lakini waliojiunga walikuwa wagonjwa kwelikweli. Mwaka 2012 gharama ya wastani kwa mwanachama mmoja ilikuwa takriban dola 32,000 kwa mwaka, na Februari 2013 serikali ikafunga mlango kwa waombaji wapya kwa sababu bilioni 5 zilikuwa zinaelekea kwisha. Wanachama wakati huo walikuwa zaidi ya 100,000 kidogo. Mfuko ulioanzishwa na serikali iliyoutaka ufanikiwe, wenye fedha nyingi kuliko mfuko wowote wa jimbo, nao uliishia kufunga mlango.

Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha haki zaidi kilichowahi kufanywa cha wazo hili. Usimamizi mbovu si sababu, maana ulisimamiwa vizuri. Ubahili wa wanasiasa si sababu, maana ulipewa mabilioni. Kuwakusanya wagonjwa mahali pamoja na kuwaita mfuko wa bima ni sawa na kuwaandikisha waliofiwa peke yao kwenye daftari la mchango wa msiba. Mchango wa msiba unawezekana kwa sababu siku hiyo wengi hawajafiwa.

Januari 2014 ilipofika, kampuni zote zilitakiwa kumpokea kila mwombaji. Ada iliruhusiwa kutofautiana kwa umri, mahali na uvutaji wa sigara, lakini si kwa ugonjwa. Majimbo yakaanza kufunga mifuko yake mmoja baada ya mwingine. Minnesota iliufunga wa kwake mwishoni mwa mwaka huo.

Alaska yatafuta suluhisho

Matatizo hayakuishia hapo, na itakuwa si haki kuyaficha. Wagonjwa wote waliokuwa kwenye mifuko ya majimbo walihamia soko la kawaida kwa mkupuo. Katika majimbo yenye watu wachache, wagonjwa kadhaa tu wenye gharama kubwa walitosha kuvuruga bei kwa wote. Huko Minnesota, ambayo mfuko wake ulikuwa mkubwa kuliko wote, ada za 2017 zilipanda kwa kati ya asilimia 50 na 67. Waliokuwa na kipato cha chini walikingwa na ruzuku ya serikali kuu. Mkulima aliyezidi kidogo kiwango cha ruzuku alibeba ongezeko lote.

Alaska ilikuwa imeona hatari hiyo mwaka mmoja kabla. Ilikuwa imebakiwa na kampuni moja tu ya kuuza bima kwa watu binafsi, na ada za 2017 zilikadiriwa kupanda kwa asilimia 42. Mwaka 2016 bunge la jimbo na Gavana Bill Walker walitenga dola milioni 55, zilizotokana na kodi ambayo jimbo huzitoza kampuni za bima za kila aina, za magari na nyumba zikiwemo. Fedha hizo hazikuunda mfuko wa kuwahamishia wagonjwa. Zilitumika kama bima mtawanyo: mgonjwa mwenye moja ya magonjwa 33 yaliyoorodheshwa alibaki na kampuni ile ile, kadi ile ile na ada ile ile kama jirani yake, lakini hati za madai yake zililipwa na jimbo nyuma ya pazia. Yeye mwenyewe hakuhitaji hata kujua. Ada zilipanda kwa asilimia 7 tu, na mwaka 2018 zikashuka.

Minnesota ilifuata mwaka 2017 kwa sheria ambayo Gavana Mark Dayton aliiacha ianze kutumika bila saini yake, kwa kuwa hakupenda fedha za umma zipelekwe kwa kampuni za bima. Jimbo lilitenga dola milioni 271 kwa mwaka kwa miaka miwili. Gharama za mgonjwa zilipovuka dola 50,000, jimbo lililipa asilimia 80 ya kilichozidi, hadi dola 250,000. Tangu hapo zaidi ya majimbo 15, yanayoongozwa na vyama vyote viwili, yamepitisha sheria za namna hii, kwa idhini ya serikali kuu na sehemu ya fedha kutoka kwake.

Tofauti kati ya njia hii na mifuko ya zamani kwa mhasibu ni ndogo. Zote mbili zinachukua fedha za umma kulipia wagonjwa wachache wa gharama kubwa. Kwa mgonjwa ni kubwa sana. Katika njia ya zamani, fedha zikipungua anayeumia kwanza ni yeye, maana ndiye anayefungiwa mlango. Katika njia mpya fedha zikipungua ada hupanda kidogo kwa wote, na wapiga kura wengi, wazima na wagonjwa, watalalamika pamoja. Wagonjwa 226,000 waliotawanyika katika majimbo 35 hawakuwa na uwezo wa kuiangusha serikali yoyote.

Hata hivyo mwaka 2017 Bunge la Marekani lilikaribia kuirudisha njia ya zamani. Mei 4, Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 217 dhidi ya 213 mswada ulioruhusu majimbo kuwatoza zaidi wagonjwa waliowahi kukatikiwa bima, mradi jimbo liwe na mpango kama mfuko wa wagonjwa. Siku chache kabla ya kura, waliokuwa na wasiwasi walitulizwa kwa nyongeza ya dola bilioni 8 kwa miaka mitano. Bilioni 5 zilikuwa zimeshindwa kuwatosha watu laki moja na ushee kwa miaka mitatu. Juhudi hizo zilikufa Seneti usiku wa Julai 28, kwa kura 49 dhidi ya 51, na miongoni mwa waliozikataa alikuwamo John McCain, ambaye mwezi huo huo alikuwa amegunduliwa na saratani ya ubongo.

Na huku kwetu

Hesabu hii haijui mipaka. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, NHIF, ulisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, iliyouzwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ukaelekeza watoto waandikishwe kwa pamoja kupitia shule au vifurushi vya familia. Sababu iliyotolewa ingeeleweka katika jimbo la Washington mwaka 1999: wazazi wengi walikuwa wakiikata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa, na michango haikufua dafu mbele ya gharama. Mwaka huo huo Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaja vyanzo kama ushuru wa vinywaji na kodi ya michezo ya kubahatisha kwa ajili ya kuwalipia wasio na uwezo.

Kenya, kwa sheria yake ya 2023 iliyoanza kutekelezwa Oktoba 1, 2024, imeunda mifuko mitatu. Ule wa bima ya jamii unakata asilimia 2.75 ya kipato cha kila mwajiriwa, mzima na mgonjwa kwa pamoja, na hapo wamefanya vyema. Lakini mgonjwa wa saratani au figo anapomaliza kiwango chake katika mfuko huo, anahamishiwa kwenye mfuko wa dharura na magonjwa sugu, ambao unategemea zaidi fedha zinazotengwa na Bunge. Hapo ndipo wagonjwa wa Kenya wanaposimama mahali pale pale waliposimama wale wa California na orodha yao ya kungojea.

Bajeti za nchi zote mbili husomwa Juni. Msomaji, mwenye mgonjwa nyumbani na asiye naye, namsihi amuulize mbunge wake maswali mawili kabla ya siku hiyo: mfuko wa wagonjwa umetengewa kiasi gani mwaka huu, na mgonjwa ambaye zamu yake itafika fedha zikiwa zimekwisha ataambiwa nini. Majibu yaandikwe na tarehe yake, ili mwakani aulizwe tena.